Fildi hotelini: Mali isiyo na bei sokoni

KILA mwaka ifikapo Julai, meza za maofisa utumishi katika hoteli za Dar es Salaam, Arusha, Moshi na Zanzibar hujaa bahasha za kaki. Ndani ya kila bahasha mna barua ya chuo yenye maneno yanayofanana: mwanafunzi aliyetajwa hapo juu anaomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo. Wengine hukubaliwa siku hiyo hiyo, wengine huambiwa warudi wiki ijayo, na wapo ambao bahasha zao hazifunguliwi kabisa.

Ukurasa huu kazi yake ni bei: mchele, sementi, dola. Wiki hii tunaangalia bidhaa ambayo inaingia sokoni kwa wingi, inatumika, inaleta faida, lakini haina bei. Bidhaa hiyo ni kazi ya mwanafunzi aliyeko fildi hotelini. Kwa kawaida ya biashara, kitu kisicho na bei hutumiwa vibaya, na mwishowe kuna mtu anakilipia bila kujua. Mfanyabiashara au mzazi anayesoma hapa huenda ndiye mlipaji huyo.

MAHITAJI YAPO

Tuanze na upande wa mahitaji. Mwaka 1990 Tanzania ilipokea watalii wapatao 153,000. Mwaka 2019 walifika 1,527,230. UVIKO-19 ikawaangusha hadi 620,867 mwaka 2020, hoteli nyingi zikapunguza wafanyakazi, na baadhi ya wazoefu waliondoka wakatafuta riziki nyingine. Lakini hadi mwaka 2024 idadi ya watalii ilikuwa imepanda hadi 2,141,895. Zanzibar nayo ilipokea wageni 736,755 katika mwaka huo huo.

Kila mgeni kati ya hao anahitaji mtu wa kumpokea, wa kutandika kitanda, wa kupika, wa kuhudumu mezani na wa kufua. Vitanda vinaweza kununuliwa kwa mkopo wa benki na jengo likakamilika kwa mwaka mmoja. Mhudumu mzuri hanunuliwi dukani. Anafundwa, na kufundwa kwake kunachukua muda.

Isitoshe, mahitaji haya si ya hoteli kubwa peke yake. Nyumba za wageni za mikoani, migahawa, kampuni za mabasi, maduka ya simu na mawakala wa fedha kwa mtandao wote wanauza kitu kimoja chini ya bidhaa zao, nacho ni namna ya kumhudumia mteja. Ndiyo maana kijana aliyepita mapokezi ya hoteli huchukuliwa haraka na benki au shirika la ndege. Amekwisha kujifunza kuzungumza na mtu aliyekasirika.

ANACHOKIPATA MWANAFUNZI

Darasani unaweza kufundishwa jinsi ya kumpokea mgeni. Lakini darasani hakuna mgeni aliyefika saa 8 usiku kutoka uwanja wa ndege, begi lake limepotea njiani, na chumba alichokilipia kimepewa mtu mwingine kwa makosa ya kitabu. Mwanafunzi aliyesimama pembeni ya mpokezi mzoefu usiku huo, akaona jinsi anavyoomba radhi bila kubishana, anavyotafuta chumba kingine na kuagiza chai kabla ya yote, amepata somo ambalo halipo kwenye notsi.

Yapo na mengine yasiyoonekana na mgeni. Jikoni anajifunza kwamba kilichoingia kwanza stoo ndicho hutoka kwanza, la sivyo samaki wa Jumatatu wanatupwa Alhamisi na faida inatupwa nao. Vyumbani anajifunza kwamba shuka, taulo na sabuni zina hesabu. Mapokezi anajifunza kukabidhi zamu: fedha kiasi gani, funguo zipi, mgeni yupi ameomba kuamshwa saa 10 alfajiri. Haya ndiyo mambo yanayotofautisha hoteli inayojiendesha na hoteli inayosubiri kupigwa mnada.

Hata hivyo, anapata hayo pale tu hoteli inapomzungusha idara zote. Mwanafunzi aliyewekwa wiki zote nane kuosha vyombo, kwa sababu mwoshaji wa kawaida yuko likizo, hakwenda fildi. Ameziba pengo la mtu bila mshahara.

NANI ANALIPA?

Tufanye hesabu ya mfano. Chukua mwanafunzi wa Dar es Salaam anayekwenda hotelini siku sita kwa wiki kwa wiki nane. Hizo ni siku 48. Tukikadiria nauli ya daladala kwenda na kurudi sh. 1,500, na chakula cha mchana sh. 2,500, anatumia sh. 4,000 kwa siku. Kwa siku 48 ni sh. 192,000. Bado hatujaweka viatu vyeusi, suruali au sketi ya kazi, gharama ya kupima afya kwa anayeingia jikoni, na chumba cha kupanga kwa aliyetoka Songea kwenda Zanzibar kutafuta uzoefu.

Mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo anaweza kuwa na fungu la mafunzo kwa vitendo. Lakini sehemu kubwa ya wahudumu, wapishi na wapokezi wanatoka kwenye kozi za cheti na stashahada, na wengi wao hulipiwa na mzazi. Huyo mzazi ndiye muuza mitumba, ndiye mwenye duka la rejareja, ndiye msomaji wetu. Kwa maneno mengine, hoteli yenye nyota kadhaa mlangoni inapokea ruzuku kutoka kwenye genge la nyanya.

Hatusemi kwamba hoteli haitoi chochote. Inatoa muda wa msimamizi, inavumilia glasi zinazovunjika, na inahatarisha jina lake kila mwanafunzi anapomkaribia mgeni. Gharama hizo ni za kweli. Lakini chakula cha mchana cha wafanyakazi kinapikwa kwa sufuria moja, na sahani mbili za ziada haziiangushi hoteli. Katika mfano wetu, sahani hiyo inampunguzia mzazi sh. 120,000 kati ya zile 192,000.

HESABU YA MWENYE GESTI

Sasa tumgeukie mwekezaji mdogo mwenye nyumba ya wageni ya vyumba 15, ambaye anasema wanafunzi ni usumbufu. Tuseme ana mteja mmoja, mfanyabiashara wa mazao, anayelala siku tatu kila mwezi kwa sh. 40,000 kwa usiku. Mteja huyo analeta sh. 120,000 kwa mwezi, na kwa mwaka ni sh. 1,440,000.

Siku moja mteja anafika, anamkuta mpokezi anaangalia simu. Anauliza maji ya moto, anajibiwa "yatakuja". Asubuhi anaondoka bila kugomba na harudi tena. Mwenye gesti hatajua kamwe kwamba amepoteza sh. 1,440,000. Fedha hizo zingelipa nauli na chakula cha wanafunzi saba kwa wiki nane, na chenji ikabaki.

Faida kubwa zaidi iko kwenye ajira. Anayeajiri kwa kuangalia cheti na kusikiliza maneno ya ndugu anacheza bahati nasibu. Aliyekaa na kijana wiki nane anajua kama anawahi zamu ya asubuhi, kama chenji inafika kwa mteja, na kama anaweza kuongea na mgeni wa Kijerumani kwa Kiingereza cha kujikokota bila kukimbia. Hiyo ni sampuli ya kutosha kabla ya kununua gunia zima.

Hata mnunuzi wa hisa anahusika. Kampuni ya TPS Eastern Africa, yenye hoteli za Serena, iliandikishwa katika Soko la Hisa la Nairobi mwaka 1997, na tangu hapo mtu wa kawaida anaweza kumiliki kipande cha biashara ya hoteli. Anayenunua hisa za namna hiyo hutazama idadi ya vitanda na viwango vya riba. Atazame pia kampuni inafundisha vipi watu wake na inawapoteza kwa kasi gani. Gawio la mwenye hisa linaanzia kwenye tabasamu la mapokezi.

MSIMU UNAGONGANA

Lipo tatizo moja ambalo vyuo na hoteli wangeweza kulitatua bila fedha nyingi. Wanafunzi wengi wa vyuo vikuu hutoka fildi kati ya Julai na Septemba, na huo ndio wakati wa msimu wa juu wa utalii. Hoteli zimejaa, msimamizi hana dakika ya kueleza, na mwanafunzi anageuzwa mkono wa ziada. Wakati wa masika, Aprili na Mei, vyumba viko wazi na wazoefu wana nafasi ya kufundisha, lakini wanafunzi wako madarasani. Kuwagawa katika makundi mawili, baadhi msimu wa chini kwa kujifunza taratibu na baadhi msimu wa juu kwa kujifunza kasi, kungepunguza pia foleni ya bahasha za Julai.

Nchi jirani imeonyesha kwamba suala hili linahitaji fungu lake. Chuo cha Utalii cha Kenya kilianzishwa Nairobi mwaka 1975 kwa msaada wa Uswisi, na kina hoteli yake ya mafunzo ambamo mwanafunzi anakutana na mgeni anayelipa. Tozo ya asilimia 2 ya mauzo ya hoteli na migahawa imesaidia kukigharamia kwa miaka mingi. Kwetu Bara, VETA iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na waajiri wanachangia tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ambayo ilikuwa asilimia 6 ya mishahara kabla ya kuanza kupunguzwa mwaka 2013. Tangu mwaka 2021 mwajiri mwenye wafanyakazi wasiofika 10 hailipi kabisa. Basi mwenye gesti aliyesamehewa tozo hiyo hawezi kushindwa sahani ya wali.

Katikati ya miaka ya 2010, Shirika la Kazi Duniani lilisaidia kuanzisha uanagenzi wa kazi za hoteli wa miaka miwili, Chuo cha Taifa cha Utalii kikishirikiana na waajiri. Mwanagenzi aligawa muda wake kati ya darasa na hoteli, akiwa na mkataba na posho. Mwaka 2017 serikali ilitoa miongozo ya taifa ya uanagenzi na utarajali. Njia iko wazi. Kilichobaki ni nia ya wenye hoteli.

MAMBO YASIYOSEMWA

Yapo mambo ambayo barua ya chuo haiyataji. Binti wa miaka 20 anapewa zamu ya usiku, anamaliza saa 6, na hakuna usafiri wa kumrudisha. Mgeni mlevi anamshika mkono, naye anaogopa kusema kwa sababu msimamizi ndiye atakayejaza fomu ya tathmini. Au msimamizi mwenyewe ndiye tatizo. Kijana mwingine anaambiwa alipe glasi zilizovunjika wakati halipwi hata senti. Bakshishi inakusanywa kwenye kopo moja, lakini inapogawanywa mwanafunzi haitwi.

Hoteli inayoruhusu hayo inavuna hasara ya polepole. Wanafunzi wanazungumza, vyuo vinasikia, na mwaka unaofuata vijana wazuri wanapeleka bahasha zao jirani.

USHAURI WETU

Kwa mwenye hoteli au gesti: pokea wachache unaoweza kuwasimamia. Andika kwenye karatasi moja tu ratiba ya idara, jina la msimamizi, saa za kazi, chakula na nauli. Usimkate mwanafunzi fedha za vitu vilivyovunjika, na usimwache binti atembee usiku. Mwisho wa mafunzo mpe barua inayosema kwa kweli alichofanya.

Kwa mzazi: kabla ya kulipa ada, kiulize chuo maswali matatu. Fildi ni ya muda gani? Nani anatafuta nafasi, chuo au mwanafunzi? Mkufunzi huenda kumwona mara ngapi? Chuo kisicho na majibu kinakuuzia cheti, na cheti pekee hakipokei mgeni.

Kwa mwanafunzi: peleka barua mapema, kabla ya Julai. Gesti safi ya vyumba 15 inaweza kukufundisha zaidi ya hoteli ya vyumba 200, kwa kuwa hapo utafanya kila kitu. Andika daftari la kila siku. Ukidhulumiwa, mwambie mkufunzi wako siku hiyo hiyo.

HALI YA SOKO KWA UFUPI

Mahitaji ya wahudumu waliofundwa: yanapanda. Ugavi wa wanafunzi: mkubwa, unafurika Julai hadi Septemba. Ubora: unategemea aliyewapokea. Bei: kwa hoteli nyingi bado ni sifuri. Hapo ndipo tunapomwonya mfanyabiashara, kwani asiyetaka kulipia nauli ya mwanafunzi leo atalipa kesho kwa mgeni asiyerudi.