Je, Wajua? Mgongo wa Mtoto Hunyooshwa Ungali Mbichi

JE, WAJUA kwamba uti wa mgongo unaweza kupinda kwenda upande mtoto akiwa bado hajatembea? Mara nyingi madaktari hawaoni sababu yoyote, kwa hiyo mama asilaumiwe.

WAJUA kwamba wengi wa watoto hao wachanga hunyooka wenyewe, bila tiba? Kazi ni kumtambua yule ambaye hatanyooka. Mwaka 1972 daktari Min Mehta, aliyefanya kazi hospitali ya mifupa ya Stanmore, London, alionyesha njia: pima kwenye eksirei pembe ambayo ubavu unafanya na pingili yake ya uti wa mgongo, kulia na kushoto. Tofauti ikifika nyuzi 20, kuna hatari mpindo huo utazidi.

NA TIBA JE? Ni hogo la plasta. Mtoto hulazwa kwa dawa ya usingizi, huvutwa taratibu juu ya fremu, daktari akageuza mbavu kwa mikono yake, kisha kiwiliwili kikafungwa. Tumboni huachwa tundu ili apate kupumua na kushiba. Kila baada ya miezi miwili hadi minne hogo hubadilishwa, kwa sababu mtoto amekua, na kule kukua ndiko kunakomnyoosha. Plasta inaongoza njia tu.

WAJUA miezi inavyopishanisha maisha? Mwaka 2005 Mehta alitoa matokeo ya watoto 136 waliofungwa plasta. Wale 94 waliowahi, kwa wastani wakiwa na mwaka 1 na miezi 7, walinyooka, kwa wastani kabla ya kutimiza miaka 4, wakaishi kama wenzao. Wale 42 waliochelewa, wastani miaka 2 na miezi 6, mipindo yao ilikuwa imeshakuwa mikubwa. Ilipungua tu, na 15 waliishia kuunganishwa pingili kwa upasuaji. Miezi 11! Ndiyo maana neno “tusubiri kwanza akue” linaniuma kila ninapolisikia.

WAJUA kwa nini madaktari huogopa kuunganisha pingili za mtoto mdogo? Kifua huacha kurefuka, na mapafu hukosa nafasi. Badala yake huweka vyuma vinavyorefushwa kadiri anavyokua. Vya kisasa hurefushwa kwa sumaku, bila kisu.

MZAZI, unapomwogesha, mlaze kifudifudi. Ubavu mmoja umetuna? Bega moja limepanda? Aonwe na daktari wa mifupa. Kumkanda kwa mafuta hakunyooshi uti wa mgongo.

NA KIBYONGO kinachochomoza katikati ya mgongo wa mtoto anayekonda na kupata homa za jioni? Huenda ni kifua kikuu cha mifupa, alichokieleza Percivall Pott wa London mwaka 1779. Hicho hakingoji plasta. Kinataka dawa za TB, kwa miezi kadhaa bila kukatiza, kabla pingili hazijaliwa zikaibana mishipa ya fahamu na miguu ikapooza.