Kutazama Somo na Kumshauri Mwalimu: Mfano wa Kiswahili katika Pwani ya Malindi na Kilifi

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mtazamaji wa somo anavyoweza kumpa mwalimu ushauri wenye manufaa. Hoja yetu ni moja: ushauri hufaa unapotokana na maneno na matendo yaliyoandikwa kama yalivyotokea darasani, wala si na hukumu ya jumla inayotolewa somo likisha. Mfano wetu ni ufundishaji wa Kiswahili katika eneo la Malindi na Kilifi, ambako watoto wengi huingia shuleni wakiwa na Kigiriama au lugha nyingine ya Kimijikenda.

2. Mkaguzi na Mshauri

Kutazamwa si jambo geni kwa mwalimu wa Kenya. Tangu zamani alimjua mkaguzi, aliyeogopwa kuliko alivyosikilizwa. Katika mpango wa Tusome, ulioenezwa nchini mwaka 2015, maafisa wa mitaala waliingia madarasani na vishikwambi ili watazame masomo ya kusoma na kuwashauri walimu. Mwaka 2016 Tume ya Huduma za Walimu nayo ilianzisha mfumo wa kutathmini utendaji, ambao kutazama somo ni sehemu yake. Hapana shaka kwamba fomu zina kazi yake. Lakini alama iliyotiwa kisandukuni huonyesha kwamba maswali yaliulizwa. Haionyeshi aliyeulizwa, alilojibu, wala alivyopokewa.

3. Mfano

Miaka michache iliyopita mwalimu mmoja wa shule ya msingi, kaskazini mwa mji wa Kilifi, alinikaribisha nitazame somo lake la msamiati. Nilikwenda na fomu niliyoizoea nilipokuwa masomoni ng'ambo, na mwisho wa somo nikamwandikia: "Washirikishe wanafunzi zaidi." Mwalimu yule, aliyenizidi umri kwa miaka mingi, alisoma, kisha akanirudishia karatasi. "Mwanangu," aliniambia, "neno hili nimeandikiwa tangu nilipoanza kazi. Sijapata kuambiwa nimshirikishe nani." Sikuwa na jibu, kwani sikuwa nimeandika neno la mtoto hata mmoja.

Siku ya pili niliiacha fomu. Nilichora madawati katika daftari, nikatia alama kila mtoto aliposema, na maneno yenyewe nikayaandika. Mwalimu aliyagusa macho yake, akauliza, "Haya ni nini?" Mtoto wa safu ya nyuma akajibu, "Matso." Mwalimu akasema, "Hapana. Mwingine?" Mtoto akaketi, wala hakuinua mkono tena hadi kengele ilipolia.

Tulipokaa chini ya mkorosho sikumwambia kwamba amekosea. Nilimpa daftari, akasoma mwenyewe. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kumbe alijibu. Nami ni Mgiriama kama yeye."

Jambo hili lina maelezo ya kiisimu. Mahali penye *ch* katika maneno kadhaa ya Kiswahili, Kigiriama kina *ts*. Na penye *j* kina *dz*. Hivyo *macho* ni *matso*, *maji* ni *madzi*, na *mji* ni *mudzi*. Mtoto yule alijua maana. Kilichobaki ni umbo la neno. Jibu lililomfaa ni kama hili: "Vyema, ndiyo hayo. Kwa Kiswahili twasemaje?" Kumwambia "hapana" ni kumfundisha kwamba lugha ya kwao ni kosa, na anayeamini hivyo hujilinda kwa kunyamaza.

4. Utaratibu Unaopendekezwa

Kwanza, kabla ya somo, mtazamaji amwulize mwalimu angependa kitazamwe kitu gani. Pili, wakati wa somo, agawe ukurasa sehemu mbili: upande mmoja aandike yaliyosemwa na kutendwa, pamoja na saa; upande wa pili aweke maswali yake mwenyewe, asichanganye. Tatu, baada ya somo, mwalimu asome na kusema wa kwanza. Nne, wateue jambo moja tu, wapatane siku ya kulitazama tena. Mwalimu aliyepewa makosa kumi hajui aanze na lipi. Mwisho, pale ambapo alama hazina budi kutolewa, zitolewe katika kikao kingine, kwa kuwa anayengoja kuhesabiwa hasikilizi ushauri.

5. Hitimisho

Niliporudi katika darasa lile juma la tatu, mchoro wa madawati ulikuwa na alama nne katika safu ya nyuma, ambayo hapo awali ilikuwa na moja tu. Hatudai kwamba darasa moja ni ushahidi wa kutosha. Tunasema tu kwamba badiliko hilo tuliliona, mwalimu na mimi, kwa kuwa safari hii lilikuwa limeandikwa.