Mdudu Anataka Mwanga Kwanza

Anayetaka kupiga picha za wadudu kwa karibu huambiwa anunue lenzi maalumu ya bei kali. Nadhani fedha za kwanza ziende kwenye mwanga. Kukuza si kazi: mabomba matupu yenye jumla ya milimita 50, yakiwekwa kati ya kamera na lenzi kuukuu ya milimita 50, humleta mdudu kwenye kihisi kwa ukubwa wake halisi. Hayana kioo ndani, ndiyo maana ni nafuu. Kinachosumbua ni kwamba eneo linaloonekana wazi huwa jembamba mno. Jicho la chungu majimoto likitoka vizuri, miguu yake inafifia. Ukibana tundu la lenzi, giza linaingia, na mabomba yenyewe yameshapunguza mwanga hadi robo. Flashi ndogo iliyofunikwa kwa plastiki nyeupe ya kopo la maziwa hutatua hilo, na mmweko wake mfupi humgandisha hata mdudu anayetikiswa na upepo.

Wapo watakaosema lenzi ghali hukuruhusu kukaa mbali zaidi. Ni kweli, na kwa kereng'ende wa saa sita mchana hoja hiyo ina uzito. Lakini alfajiri, wadudu wengi wakiwa bado wamepoa, hawaruki upesi. Majimoto ndio kabisa, hawakimbii bali hukufuata wakuume. Chagua tu lenzi ya zamani yenye pete ya kurekebisha tundu, kwa kuwa mabomba ya bei rahisi hayapitishi umeme, na lenzi nyingi za kisasa hapo hazipokei amri ya kamera.