Nani anamtuma seneta bungeni Kimihurura, Kigali?

Tarehe 15 Julai 2024 Wanyarwanda walipanga foleni kuchagua rais na wabunge, huku daftari la wapiga kura likiwa na majina zaidi ya milioni 9. Miezi miwili baadaye, tarehe 16 na 17 Septemba, ikawadia zamu ya Seneti. Siku hizo wananchi wengi waliendelea na shughuli zao sokoni, mashambani na makazini, kwa kuwa seneta hachaguliwi nao. Kati ya viti 26 vya Seneti, 12 hupigiwa kura na viongozi wa ngazi za wilaya na sekta katika mikoa minne na Jiji la Kigali. Rais huteua maseneta 8, Jukwaa la Mashauriano la Vyama vya Siasa hutoa 4, na wanataaluma wa vyuo vikuu huchagua 2, mmoja kutoka vyuo vya umma na mwingine kutoka vyuo binafsi.

Je, baraza la namna hii libaki, lirekebishwe au lifutwe? Nchi nyingi zimekabiliana na swali hilo, kila moja kwa sababu zake. Kwa Rwanda, jibu la haki linaanza na kisa cha kuundwa kwa Seneti yenyewe.

Rwanda ilipata uhuru mwaka 1962 ikiwa na bunge lenye baraza moja. Katika uchaguzi wa mwaka uliotangulia, chama cha Parmehutu, kilichojengwa juu ya siasa ya ukabila, kilikuwa kimetwaa viti 35 kati ya 44. Ndani ya bunge hilo hapakuwa na chombo cha kuuzuia wingi wa kura usigeuzwe kuwa ruhusa ya kuwatenga Watutsi. Mapinduzi ya Julai 1973 yalilivunja bunge, na lile lililofuata miaka ya 1980, chini ya chama kimoja cha MRND, lilikuwa mhuri wa serikali. Mwaka 1994 yakatokea mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi.

Tume ya Sheria na Katiba iliyoongozwa na Tito Rutaremara ilizunguka nchi ikikusanya maoni kabla ya kuandika katiba iliyopigiwa kura ya maoni tarehe 26 Mei 2003. Katiba hiyo ndiyo iliyozaa Seneti. Waandishi wake walitaka baraza ambalo upepo wa kampeni haulifikii: seneta awe na umri usiopungua miaka 40, wanawake wasipungue asilimia 30, na rais anapoteua azingatie umoja wa Wanyarwanda na makundi yaliyoachwa nyuma na historia. Walimpa rais uwezo wa kuvunja Baraza la Wabunge lenye viti 80, lakini Seneti haiwezi kuvunjwa. Juu ya hayo yote waliweka sharti moja lililokuwa uti wa mgongo wa mpango mzima: seneta atumikie miaka minane, mara moja tu, kisha aende zake.

Kazi walizoipa Seneti si ndogo. Marekebisho ya katiba, sheria za jinai, za uchaguzi, za mahakama na za ulinzi hazipiti bila Seneti. Mabaraza mawili yakitofautiana, huundwa kamati yenye idadi sawa ya wajumbe kutoka kila upande. Ikishindwa kuleta mwafaka, muswada hurudishwa kwa aliyeuleta. Majaji wa Mahakama ya Juu, Mwendesha Mashtaka Mkuu, mabalozi na magavana wa mikoa hawaingii kazini kabla ya kuidhinishwa na maseneta. Seneti pia ndiyo mlinzi wa misingi iliyotajwa sasa katika Ibara ya 10, ikiwemo kupambana na itikadi ya mauaji ya kimbari na kugawana madaraka kwa usawa. Na kiti cha urais kikiwa wazi, Rais wa Seneti ndiye anayekikaimu. Mipaka nayo ipo: bajeti hupitishwa na wabunge, maseneta wakitoa maoni tu, na Seneti haiwezi kuiangusha serikali kwa kura ya kutokuwa na imani.

Wanaotaka mabaraza ya juu yafutwe wana hoja zinazostahili kusikilizwa. Baraza la pili lina gharama zake: mishahara, magari, ofisi na watumishi. Hurefusha safari ya miswada. Nchi ndogo zisizo na majimbo yenye mamlaka yake zimeishi vizuri bila hilo. Denmark ilibaki na baraza moja mwaka 1953, New Zealand ililifuta baraza lake la juu mwaka 1950, na Sweden ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyotumbukia katika udikteta. Tanzania na Uganda pia hazina seneti.

Afrika ina mifano iliyo karibu zaidi na hali ya Rwanda. Seneti ya Senegal iliundwa mwaka 1999, ikafutwa 2001, ikarudishwa 2007, ikafutwa tena Septemba 2012. Ilipozikwa mara ya pili, maseneta 65 kati ya 100 walikuwa wameteuliwa na rais. Rais mpya Macky Sall aliposema fedha zake ziende kwa waathiriwa wa mafuriko, hakukuwa na kundi kubwa la wananchi lililoona limepokonywa kitu chake. Mauritania ilikuwa tofauti. Machi 2017 maseneta wake walikataa marekebisho ya katiba yaliyopendekezwa na serikali, ambayo yangeifuta Seneti yenyewe. Rais Mohamed Ould Abdel Aziz akalipeleka suala hilo kwenye kura ya maoni, na kufikia Agosti Seneti haikuwepo tena.

Kenya inafundisha zaidi. Katiba ya uhuru ya 1963 iliipa Seneti yenye watu 41, mmoja kwa kila wilaya na Nairobi, ili makabila madogo yasimezwe na makubwa. Ilidumu hadi 1966. Serikali iliiunganisha na baraza la chini, maseneta wakapewa viti katika bunge jipya na uhai wa bunge ukaongezwa. Kwa ufupi, walipiga kura ya kuifuta Seneti wakijua kwamba viti vyao viko salama. Miaka 44 baadaye, katiba ya 2010 ikairudisha ikiwa na watu 67, wakiwemo 47 wanaochaguliwa moja kwa moja na kaunti. Mwaka 2020 maseneta hao walivutana kwa miezi kadhaa juu ya mfumo wa kugawa fedha za kaunti, na ingawa wengi waliuona mvutano ule kama aibu, kila mwananchi wa Mandera au Kwale alijua seneta wake anapigania nini.

Kwa hiyo kinachoamua uimara wa seneti ni nani anayeweza kumpa seneta kazi, na nani anayeweza kumnyima. Hapo ndipo mabadiliko ya Rwanda ya mwaka 2015 yanapohitaji kuangaliwa upya. Mjadala wa wakati ule ulitawaliwa na mihula ya rais, na kura ya maoni ya Desemba ikapita kwa zaidi ya asilimia 98. Katika marekebisho hayohayo, muhula wa seneta ulipunguzwa kutoka miaka minane hadi mitano, ukaruhusiwa kurudiwa mara moja. Jambo hilo lilizungumzwa kidogo sana, ingawa lilibadilisha tabia ya Seneti kuliko kifungu kingine chochote kinachoihusu.

Fikiria hali ya seneta wa 2003. Aliyemteua au kumchagua hakuwa na zawadi nyingine ya kiti hicho ya kumpa. Angeweza kumkataa mteule asiyefaa, au kuurudisha muswada mbovu, akijua kiti chake hakitegemei tena fadhila ya mtu. Seneta wa leo, anapoingia mwaka wake wa nne, anajua kuwa miaka mitano mingine iko mikononi mwa walewale waliomleta. Hata seneta mwenye msimamo huwekwa mahali pagumu.

Wanaotetea muhula wa kurudiwa husema kwamba miaka minane ni mingi kwa mtu asiyechaguliwa na wananchi, na kwamba kurudi kuomba kiti ni njia ya kuwajibika. Hoja ya urefu ina uzito. Miaka sita ingetosha. Ile ya uwajibikaji ingekuwa na nguvu kama seneta angerudi kwa wananchi. Lakini anarudi kwa rais, kwa vyama, au kwa viongozi wa wilaya ambao nao wanategemea serikali kuu, yaani kwa watu ambao kazi zao Seneti ilipewa jukumu la kuzichunguza.

Kuifuta Seneti kungemaanisha kukabidhi misingi ya Ibara ya 10 kwa baraza moja ambalo muungano unaoongozwa na chama tawala cha RPF una viti 37 kati ya 53 vinavyopigiwa kura za vyama. Baraza hilo linaweza kuwa na nia njema leo, lakini katiba huandikwa kwa ajili ya siku ambayo nia njema imekosekana, na Rwanda imeiona siku hiyo. Seneti inapaswa kubaki, irudishiwe muhula mmoja usiorudiwa, na mahojiano ya wanaoteuliwa yafanyike hadharani, kila uamuzi ukitolewa pamoja na sababu zake.

Muda upo. Maseneta walioingia mwaka 2024 wanamaliza mwaka 2029. Kubadili muhula wa seneta hakuhitaji kura ya maoni; kunahitaji robo tatu ya kila baraza, yaani wabunge 60 na maseneta 20. Mabadiliko yakipitishwa mapema na kuanza kwa wale watakaoingia 2029, maseneta hao 20 watakuwa wanawaamulia watu watakaowafuata, bila kujiongezea wala kujipunguzia chochote.