Namna ya kutumia difu loki kwenye tope la Simiyu

MVUA zinaponyesha mkoani Simiyu, barabara za udongo zinazotoka Bariadi kwenda vijijini hugeuka tope zito. Udongo mweusi wa mbugani, unaostawisha pamba, huganda na kuziba meno ya tairi, hata gari linalosukumwa na magurudumu yote manne likakwama. Hapo mgonjwa anayewahishwa hospitalini hubaki njiani.

Chanzo kimojawapo ni difu. Kifaa hicho huyawezesha magurudumu ya kushoto na kulia kuzunguka kwa kasi tofauti gari linapokata kona. Kwenye utelezi, faida hiyo hugeuka hasara: gurudumu lililokosa mshiko huzunguka bure, na la pili, lililokanyaga pagumu, halipati nguvu ya kutosha kulisukuma gari.

Difu loki huyafunga magurudumu hayo yazunguke pamoja. Dereva anatakiwa kuifunga kabla ya kuingia kwenye tope, gari likiwa limesimama au likienda polepole sana. Kuifunga wakati gurudumu likizunguka kwa kasi kunaweza kuvunja gia au ekseli. Katika magari yenye loki mbili, kama baadhi ya Toyota Land Cruiser, hufungwa kwanza ya nyuma, kwa kuwa ya mbele huufanya usukani kuwa mgumu.

Gari likishavuka, loki ifunguliwe mara moja. Kwenye lami hula matairi, huchosha ekseli na kulifanya gari ligome kukata kona.

Hata hivyo, tope likishafika tumboni mwa gari, loki haitoshi. Hapo dawa ni koleo na kamba ya kuvutia.