Kijiji Kilichokataa Kuuza Nyumba za Mababu

Katika nchi ya Japani, mkoa wa Gifu, kuna bonde lililozungukwa na milima mirefu, nao mto Shogawa wapita katikati yake. Bonde hilo huitwa Shirakawa. Wakati wa baridi theluji huanguka kwa wingi, na miaka mingine hupita kimo cha mtu. Ndiyo sababu wazee wa zamani walijenga nyumba zenye mapaa ya majani yaliyosimama sana, ili theluji isilale juu yake na kuyavunja. Ukilitazama paa hilo kwa mbele, lafanana na mikono miwili ya mtu anayesali. Ndiyo maana ujenzi huo huitwa gassho-zukuri, maana yake: kujengwa mfano wa mikono iliyounganishwa kwa sala.

Hekima ya wazee

Usidhani, msomaji mpenzi, ya kuwa nyumba ya majani ni nyumba ya wajinga. Miti ya paa haikupigiliwa misumari. Imefungwa kwa kamba na kwa fito laini, ambazo zikikauka hukaza zaidi. Moto huwaka katikati ya nyumba, na moshi wake hupanda, hukausha majani, hufukuza wadudu. Huko juu, chini ya paa, watu walifuga viwavi wa hariri, wakapata fedha kwa nyuzi zake. Basi nyumba ilikuwa makao na kiwanda pamoja.

Lakini majani huoza. Baada ya miaka 30 au 40 lazima paa liezekwe upya, na kazi hiyo yashinda nguvu za jamaa moja. Ndipo huja desturi iitwayo yui. Wanakijiji wote hukusanyika, mara nyingine watu zaidi ya mia moja: hawa hupanda juu, hawa huleta majani, wengine hupika chakula. Kwa siku moja au mbili paa limekwisha. Hakuna anayelipwa fedha, ila mwenye nyumba anajua ya kuwa kesho ni zamu yake kumsaidia mwenzake. Ni kama likelemba yetu, lakini wao huchanga nguvu za mikono.

Siku za hatari

Baada ya vita kuu ya pili mambo yaligeuka. Mabwawa makubwa ya umeme yalijengwa katika mto ule. Bwawa la Miboro lilimalizika mwaka 1961, na maji yakafunika vijiji vizima. Hariri haikuleta faida tena. Vijana walikwenda mijini kutafuta mshahara. Matajiri wa miji walikuja kununua nyumba za kale, wakazibomoa na kuzipeleka mbali kuwa mahali pa kulia chakula. Nyumba zikapungua mwaka kwa mwaka.

Hapo wenyeji wa kijiji cha Ogimachi walifanya shauri. Mwaka 1971 waliunda chama, wakapatana mambo matatu: nyumba isiuzwe, isikodishwe, isivunjwe. Hawakungoja amri ya wakubwa. Serikali ilikuja nyuma yao: mwaka 1976 ikakiweka kijiji chini ya ulinzi wa sheria, ikasaidia gharama za mapaa. Mwaka 1995 Unesco ikakiandika Ogimachi, pamoja na vijiji vya Ainokura na Suganuma, katika urithi wa dunia.

Faida na taabu mpya

Tangu hapo wageni wamekuja kwa wingi. Imetokea miaka ambayo walipita milioni moja, na wenyeji wa Shirakawa hawafiki 2,000. Jamaa nyingi hupata riziki kwa kupokea wageni katika nyumba zile zile za mababu. Walakini wingi wa wageni ni mzigo pia. Tangu mwaka 2019, anayetaka kuona nyumba zikiwashwa taa usiku wa baridi lazima apate nafasi kwanza. Tena mikono ya yui imepungua, na mapaa mengi huezekwa na mafundi wa mshahara. Wazee wanajua ya kuwa paa laweza kununuliwa kwa fedha, lakini ujirani haununuliki. Ndiyo sababu wanajitahidi desturi ile isife.

Ninyi wazazi, na ninyi wanafunzi, tufikiri. Kidole kimoja hakivunji chawa. Watu wa Ogimachi hawakuwa matajiri, wala wengi. Waliokoa urithi wao kwa kuwa walipatana kabla nyumba ya mwisho haijaondoka. Kwetu pia wako wazee wanaojua kusuka, kufinyanga, kuchonga, kupiga ngoma, nao huzeeka. Leo jioni, kijana, keti karibu na babu yako, umwombe akufundishe kazi moja ya mikono yake. Kumheshimu mzazi ni pamoja na kupokea anachojua, kabla hajakwenda nacho kaburini.