Somo la Kumi na Mbili: Gari Lipi Ni Rahisi?

Leo tutazungumza habari ya kununua gari. Wewe usiye na gari, wala huna nia ya kununua, tafadhali usifunge redio yako. Hesabu tutakayoifanya yafaa vilevile kwa pikipiki, kwa jenereta, hata kwa jiko. Ni hesabu ya kitu ambacho hukinunua mara moja, lakini hakiachi kukudai kila siku.

Tuwafikirie watu wawili. Wa kwanza ni mama mwenye duka la vitambaa Kariakoo, Dar es Salaam. Nyumba yake iko Mbezi, na kila siku ya kazi huenda na kurudi. Wa pili ni bwana mwenye biashara ya nafaka, akaaye Morogoro, ambaye mara mbili kila mwezi huenda Dodoma na kurudi. Wote wawili wameweka akiba kwa miaka mingi, na wote wataka gari la namna moja: gari dogo lililoinuka kidogo, lisilogusa chini katika njia mbovu, ambalo laweza kuchukua jamaa na mizigo. Wote wamechagua Toyota RAV4.

Lakini RAV4 si za namna moja. Moja hutumia petroli peke yake. Ya pili ni haibridi, yaani ina injini ya petroli na mota ya umeme pamoja. Haibridi hunywa mafuta kidogo, lakini bei yake ni kubwa zaidi. Kijana wa jirani amwambia yule mama, "Shangazi, chukua haibridi, utasahau kituo cha petroli." Fundi naye amwambia yule bwana, "Mzee, usiguse haibridi, utajuta." Je, yupi asema kweli? Tusimjibu yeyote kwa kelele. Tuchukue kalamu na karatasi.

Namna haibridi inavyofanya kazi

Kwanza yatupasa kuelewa jinsi gari hili linavyookoa mafuta, maana asiyejua sababu hawezi kufanya hesabu sawasawa.

Gari la kawaida likienda, petroli huchomwa ili kulisukuma. Ukikanyaga breki, mwendo ule wote ulioulipia kwa petroli hugeuka kuwa joto katika breki, na joto hilo hupotea hewani. Ukisimama kwenye taa au katika foleni, injini huendelea kuunguruma, nayo yala mafuta bila kwenda popote.

Haibridi hufanya vingine. Ukipunguza mwendo, mota yake hugeuka kuwa kama dainamo ya baiskeli: huzungushwa na magurudumu, hutengeneza umeme, na umeme ule huwekwa katika betri. Ukisimama, injini huzimika yenyewe. Ukianza kwenda tena, mota husaidia kusukuma kwa umeme uliowekwa. Basi, mwendo uliokuwa ukipotea katika breki hurudishwa kidogo mfukoni mwako. Gari la kwanza la namna hii kuuzwa kwa wingi lilikuwa Toyota Prius, lililoanza kuuzwa Japani mwaka 1997; kwa hiyo jambo hili si la majaribio tena.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo kiini cha somo letu kilipo. Haibridi huokoa mafuta hasa pale unapokanyaga breki na kusimama mara kwa mara. Katika barabara kuu, mahali unapokwenda saa nzima bila kugusa breki, hakuna mwendo mwingi wa kurudishwa. Hapo mota haina kazi kubwa, na injini ya petroli ndiyo ichukuayo mzigo.

Vipimo vya magari haya

Serikali ya Marekani hutoa vipimo vya mafuta kwa kila aina ya gari linalouzwa huko. Magari ya kwetu mengi hutoka Japani, lakini vipimo vya Marekani vina faida kwa somo letu, kwa sababu hutenga mwendo wa mjini na mwendo wa barabara kuu. RAV4 katika vipimo hivyo huwekwa katika kundi la magari madogo ya namna yake. Tutazame magari ya toleo la 2023, yote mawili yenye injini ya lita 2.5. Nimegeuza maili na galoni zao kuwa kilomita na lita.

RAV4 ya petroli peke yake, inayoendeshwa na magurudumu ya mbele:
mjini, lita 8.7 kwa kilomita 100;
barabara kuu, lita 6.7 kwa kilomita 100.

RAV4 ya haibridi:
mjini, lita 5.7 kwa kilomita 100;
barabara kuu, lita 6.2 kwa kilomita 100.

Ona jambo la ajabu. Gari la petroli hunywa zaidi mjini kuliko barabara kuu, kama tulivyozoea sote. Haibridi ni kinyume: mjini hunywa kidogo kuliko barabara kuu. Sasa toa tofauti. Mjini haibridi yaokoa lita 3 katika kila kilomita 100. Barabara kuu yaokoa nusu lita tu. Gari ni lilelile, mwenye gari ni yuleyule, lakini faida ya mjini ni mara sita ya faida ya barabara kuu.

Huenda utauliza kwa nini nimesema "lita kwa kilomita 100" badala ya "kilomita kwa lita" kama tunavyosema vijiweni. Sababu ni kwamba kilomita kwa lita hudanganya jicho. Gari likitoka kilomita 8 kwa lita likafika 10, huokoa lita mbili na nusu katika kila kilomita 100. Gari likitoka kilomita 16 kwa lita likafika 20, huokoa lita moja na robo tu, ingawa hesabu ya 16 na 20 yaonekana kubwa zaidi. Unalipa lita, hulipi kilomita. Hesabu lita.

Hesabu ya mama na hesabu ya bwana

Sasa twende kwenye shilingi. Bei za magari hubadilika, na bei ya petroli katika Tanzania hutangazwa upya kila mwezi na EWURA. Kwa hiyo nitatumia bei za mfano, zilizo rahisi kwa hesabu. Wewe utaweka bei za siku yako. Tuseme haibridi imezidi gari la petroli kwa shilingi 6,000,000 baada ya kulipa kila kitu. Tuseme petroli ni shilingi 3,000 kwa lita.

Mama wa Kariakoo huenda kilomita 40 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Hizo ni kilomita 12,000, yaani mia 120. Kila mia yaokoa lita 3. Mia 120 mara 3 ni lita 360. Zidisha kwa shilingi 3,000: ni shilingi 1,080,000 kwa mwaka. Sasa gawanya zile 6,000,000 kwa 1,080,000. Utapata miaka mitano na nusu hivi. Akilitunza gari lake miaka minane au kumi, amepata faida. Akitaka kuliuza baada ya miaka mitatu, fedha aliyoizidisha haijarudi kwa njia ya mafuta.

Bwana wa Morogoro, je? Toka Morogoro hata Dodoma ni yapata kilomita 260. Kwenda na kurudi mara mbili kwa mwezi, kwa mwaka mzima, ni kilomita 12,000 na kitu. Tuseme 12,000, sawasawa na mama. Lakini njia yake ni barabara kuu, nayo yaokoa nusu lita tu kwa kila mia. Mia 120 mara nusu lita ni lita 60. Zidisha kwa 3,000: ni shilingi 180,000 kwa mwaka. Gawanya 6,000,000 kwa 180,000. Jibu ni miaka 33! Gari litakuwa limekwisha kufa kabla mafuta hayajarudisha deni lake.

Na tumfikirie mtu wa tatu, dereva wa teksi wa Dar es Salaam, aendaye kilomita 120 kwa siku mjini. Kwa mwaka ni kilomita 36,000. Huokoa lita 1,080, yaani shilingi 3,240,000. Yeye hurudisha fedha yake kabla ya miaka miwili kwisha.

Basi, kijana wa jirani alisema kweli, na fundi naye alisema kweli. Kila mmoja alisema kweli ya mtu mwingine. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Lakini kabla ya kuanza kujaza, kwanza upime kibaba chako ni kikubwa kiasi gani, na hiyo haba yako ni kiasi gani kwa siku.

Mambo ambayo wengi husahau

La kwanza ni ushuru. Usilinganishe bei ya gari likiwa bado huko Japani. Ushuru hutozwa kwa sehemu fulani kwa mia ya thamani ya gari, na kodi nyingine hujumlishwa juu yake. Kwa hiyo tofauti ndogo ya bei huko hufika bandarini imekwisha kukua. Tazama pia umri wa gari. Katika Tanzania gari lililozidi miaka minane hutozwa ushuru wa ziada. Katika Kenya gari lililotumika likizidi miaka minane haliruhusiwi kuingizwa kabisa. Linganisha bei ya gari lililokwisha kutoka bandarini na kuandikishwa.

La pili ni betri. Betri kubwa ya haibridi si ile ya kuwashia gari. Huchukua miaka mingi, lakini haidumu milele, na kuibadilisha ni gharama kubwa. Kwa magari ya toleo la 2020 na kuendelea, Toyota huko Marekani hutoa dhamana ya betri hii kwa miaka 10 au maili 150,000, lipi litangulie. Wewe unayenunua gari lililotumika toka ng'ambo, usidhani kwamba dhamana ya huko itakufuata hapa. Kabla ya kulipa, mpelekee gari fundi mwenye chombo cha kuipima betri, na uulize bei ya betri nyingine. Fedha hiyo iandike katika hesabu yako.

La tatu ni vipimo vyenyewe. Vipimo hivi hufanywa kwa utaratibu maalumu, mashine zikiangalia. Foleni yako, mizigo yako, upepo wa tairi zako, na mguu wako mzito havikuwamo. Kwa hiyo pima mwenyewe gari ulilo nalo, au uliloazimwa. Jaza tangi mpaka juu, uandike kilomita zilizo kwenye saa ya gari. Endesha kama siku zote. Ukirudi kujaza, jaza mpaka juu tena, uandike lita zilizoingia. Kama saa ilisema 84,200 na sasa yasema 84,520, umekwenda kilomita 320. Kama zimeingia lita 32, gari lako hunywa lita 10 kwa kilomita 100. Fanya hivyo mara tatu, ndipo uamini.

Zoezi la vikundi vya kusikiliza

Kabla ya kipindi kijacho, kila kikundi kifanye hesabu hii pamoja. Mwalimu mmoja huendesha kilomita 12,000 kwa mwaka: nusu mjini, nusu barabara kuu. Tofauti ya bei ni ileile 6,000,000, na petroli ni ileile 3,000. Je, fedha yake itarudi baada ya miaka mingapi? Msitazame jibu kabla ya kujaribu. Jibu: huokoa lita 180 mjini na lita 30 barabara kuu, jumla lita 210, yaani shilingi 630,000 kwa mwaka, fedha hurudi baada ya miaka tisa na nusu hivi.

Kisha kila mmoja ajiulize maswali manne, na kuyaandika: Naenda kilomita ngapi kwa mwaka? Ngapi kati ya hizo ni za foleni? Tofauti ya bei ni kiasi gani baada ya ushuru? Nitakaa na gari hili miaka mingapi? Mwenye majibu manne haya hahitaji kubishana na mtu kijiweni. Asiye nayo, hata akipunguziwa bei, bado hajui kama amenunua rahisi au ghali.

Yule mama na yule bwana wanaweza kununua magari mawili tofauti, siku moja, na wote wawili wakawa wamefanya vema. Nanyi fanyeni hesabu yenu wenyewe, kwa njia yenu wenyewe.

Katika kipindi kijacho tutazungumza habari ya bima. Mpaka hapo, kwaherini.